Ukitoka, Kamera Iamke: Jinsi Simu Yako Inavyoweza Kulinda Nyumba

Mwenzetu mmoja hapa kazini anaishi Rongai, kwenye ploti ya ghorofa nne. Mwaka jana alinunua kamera ndogo ya ndani, akaibandika juu ya dirisha ikitazama mlango. Akaiunganisha na simu yake kwa ile njia ambayo wengi wenu mmekuwa mkituuliza: akitoka, kamera inaamka yenyewe, akirudi, inalala. Kwa miezi mitatu hakubonyeza kitu. Kila jioni akifika getini, simu inatetemeka kidogo kumwambia kamera imelala. Alituonyesha wakati wa chakula cha mchana, na hatutaficha, tulimwonea wivu.

Kisha Ijumaa moja akapigiwa simu ya msiba Kakamega. Alifika kwa keja mbio, simu kubwa ikiwa na chaji asilimia 4. Akaichomeka ukutani ili ajaze chaji akioga na kupanga begi. Gari la usiku lilikuwa linaondoka saa mbili. Alitoka na mulika mwizi yake mfukoni, ile yenye laini ya pesa, na alikumbuka simu kubwa akiwa tayari ameketi kwenye basi. Akajiambia si neno: pesa ziko kwenye laini hii, watu wa nyumbani wana nambari hii, nitarudi Jumapili.

Jumapili usiku alikuta kufuli imekatwa. Runinga haikuwapo, mtungi wa gesi haukuwapo, na ile simu iliyoachwa kwenye chaji pia ilikuwa imeenda. Kamera bado ilikuwa pale juu ya dirisha, hawakuiona. Jumatatu tulimsaidia kuingia kwenye akaunti yake kwa simu nyingine, tukitarajia kuwaona wezi. Tangu Ijumaa hadi alfajiri ya Jumapili hakukuwa na kitu. Kisha video moja tu ilikuwa imerekodiwa: chumba kitupu, na mlango ulio wazi ukisukumwa na upepo.

Tulichukua muda kuelewa. Kamera haikuwa imeharibika. Kwa jinsi ilivyojua, mwenye nyumba alikuwa ndani siku zote mbili, kwa sababu simu yake ilikuwa ndani. Iliamka wakati simu ilipovuka mpaka wa nyumba, mfukoni mwa mwizi.

Ametukubalia tusimulie kisa hiki kwa sharti moja, kwamba tuseme wazi somo lake: kamera ya aina hii inafuata simu, haifuati mtu. Ukilishika hilo, mengine yote katika makala haya yatakuwa rahisi. Nasi tunaamini linakuhusu wewe mteja wetu zaidi ya mtu yeyote, kwa sababu simu hiyohiyo ndiyo pochi yako.

Kamera inajuaje kwamba umetoka?

Wacha tuanze na msingi. Unapoweka programu ya kamera kwenye simu, inakuuliza nyumba yako iko wapi. Ukishaionyesha kwenye ramani, inachora duara kuizunguka. Duara hilo halionekani popote isipokuwa kwenye simu. Mafundi huliita jiofensi. Sisi tutaliita tu mpaka.

Simu ikitoka nje ya mpaka, programu inatuma ujumbe mfupi kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni iliyotengeneza kamera. Kompyuta hizo zinatuma amri kwa kamera kupitia Wi-Fi ya nyumbani kwako: amka. Kuanzia hapo kamera ikiona kitu kinasogea inarekodi, inakutumia arifa, na ikiwa ina king'ora inaweza kukipiga. Simu ikirudi ndani ya mpaka, amri inabadilika: lala. Zipo pia aina ambazo hazichukui hatua zenyewe. Zinakukumbusha tu kwamba umetoka na kamera bado imelala, kisha unabonyeza. Soma maelezo ya aina yako kabla ya kuiamini.

Simu nayo inajua ilipo kwa njia tatu. Ya kwanza ni setilaiti za GPS, ambazo chini ya anga wazi huiweka simu ya kawaida ndani ya mita 5 hivi. Lakini GPS haipendi zege. Ukiwa ndani ya jengo la ghorofa lililobanana na mengine, ishara hiyo inadhoofika. Hapo simu inategemea njia ya pili, Wi-Fi za majirani zinazoonekana karibu, ambazo kwa kawaida hutoa makadirio ya mita 20 hadi 50. Njia ya tatu ni minara ya mtandao wa simu. Hiyo ni ya kukadiria tu: mashambani, mahali pasipo na Wi-Fi karibu, makosa yanaweza kuwa ya mamia ya mita au hata kilomita kadhaa.

Ndiyo sababu Google inawashauri watengenezaji wa programu wasichore mpaka mdogo kuliko mita 100 hadi 150. Kwa hivyo usishangae ukienda kwa mama mboga wa mlango wa pili na kamera ikaendelea kulala. Kwa kamera, hujatoka.

Dakika chache zinazoweza kukusumbua

Jambo lingine ambalo matangazo hayasemi ni kwamba amri haifiki papo hapo. Tangu Android 8 iliyotoka mwaka wa 2017, simu hupunguza mara ambazo programu isiyofunguliwa inaruhusiwa kuuliza mahali ulipo. Lengo ni zuri, kuokoa betri. Matokeo yake ni kwamba kwa wastani mpaka hutambuliwa baada ya dakika 2 hadi 3, na simu ikiwa imetulia mahali pamoja kwa muda mrefu inaweza kuchukua hadi dakika 6.

Fikiria maana yake. Unapotoka asubuhi na boda, unaweza kuwa umefika steji kabla kamera haijaamka. Dakika hizo chache nyumba haina macho. Jioni ni kinyume: unaweza kufungua mlango kabla amri ya kulala haijafika, na king'ora kikakupigia wewe mwenyewe mbele ya majirani. Ukiona hivyo, usilaumu kamera wala usizime mfumo wote kwa hasira. Panua mpaka kidogo ili simu itambulike mapema unaporudi, na ukifika getini fungua skrini ya simu. Mara nyingi hilo linatosha kuiamsha ijue ilipo.

Mnyororo hukatikia wapi?

Kutoka simu hadi kamera kuna pingu kadhaa, na zote lazima zishikane.

Pingu ya kwanza ni chaji. Simu ikizima ukiwa bado ndani ya mpaka, haitasema kwamba umetoka. Kamera itabaki na habari ya mwisho iliyopata: mwenye nyumba yuko.

Ya pili ni bando. Ujumbe wa kuamsha kamera ni mdogo mno, hautakula bando lako. Lakini lazima data iwepo. Bando la siku likiisha usiku wa manane, na wewe ukatoka saa kumi na moja asubuhi kabla ya kununua jingine, simu inajua imetoka ila haina njia ya kusema. Wengi wetu tunanunua bando tukifika kwenye matatu, si ndiyo? Badili tabia hiyo. Nunua ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya nyumbani, au tenga bando dogo la wiki au mwezi lisiloisha ghafla.

Ya tatu ni hali ya kuokoa betri. Simu nyingi hunyamazisha programu zinazofanya kazi bila kuonekana pindi chaji inaposhuka. Programu ya kamera ni mojawapo ya hizo. Ingia kwenye mipangilio ya betri uiondoe kwenye orodha ya zinazonyamazishwa.

Ya nne ni stima. Stima ikipotea, rauta inazima, na amri haina pa kupitia hata kama kamera yenyewe ina betri. Kuna betri ndogo zinazouzwa kwa ajili ya rauta pekee. Ikiwa mtaa wako unakatikiwa mara kwa mara, hiyo inaweza kukufaa kuliko kamera ya pili. Pia nunua tokeni mapema kabla ya kusafiri. Tokeni zikiisha Jumamosi nawe uko Mombasa, unaweza kuzilipia kwa simu, lakini nani atabonyeza nambari kwenye mita?

Ya tano ni malipo ya huduma. Baadhi ya kamera huhifadhi video kwenye intaneti kwa ada ya kila mwezi. Ada isipolipwa, arifa huenda zikaendelea kuja ila video haihifadhiwi. Weka ukumbusho wa tarehe hiyo siku mbili kabla, kama unavyoweka wa kodi ya nyumba.

Simu mbili, mtu mmoja

Hapa ndipo kisa cha mwenzetu kinapotuhusu wengi. Wakenya wengi wana simu mbili: moja ya kuperuzi, na mulika mwizi ya kupiga na kutuma pesa kwa sababu chaji yake inakaa siku nne. Jina hilo tulilipa kwa sababu ya tochi yake, na ni jina zuri. Lakini kamera haiwezi kufuata mulika mwizi, kwa kuwa haina programu ya kuiambia ilipo. Inafuata simu kubwa peke yake.

Kwa hivyo jiulize swali moja kabla ya kuweka mfumo huu: ukitoka kwa haraka, ni simu gani ambayo huwezi kuisahau? Ikiwa jibu ni ile ndogo, usiache usalama wa nyumba yako mikononi mwa ile kubwa peke yake. Tumia ratiba badala yake, au pamoja nayo. Karibu kila programu ya kamera inakuruhusu kusema: kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi, iwe macho, na usiku kuanzia saa tano, iwe macho tena. Ratiba haijali simu iko wapi. Kama mwenzetu angekuwa na ratiba ya usiku peke yake, wezi wangerekodiwa hata simu ikiwa mezani.

Nyumba yenye watu wengi

Ukiishi peke yako mambo ni rahisi. Mkiwa familia, programu nyingi hukuruhusu kuandikisha simu zaidi ya moja, na kanuni inakuwa hivi: wa mwisho kutoka ndiye anaamsha kamera, wa kwanza kurudi ndiye anailaza. Ni kanuni nzuri mradi kila mtu mzima wa nyumba ameandikishwa kwa akaunti yake mwenyewe. Msishirikiane neno la siri moja. Siku mtu mmoja akihama au mkikosana, utataka kumwondoa yeye tu, si kubadilisha kila kitu.

Kisha kuna wasio na simu. Mtoto aliyerudi shuleni saa tisa. Nyanya aliyekuja kutoka ocha kutibiwa macho. Dada wa kazi ambaye ana simu lakini hukumwandikisha. Kwa kamera, hao hawapo. Baba na mama wakitoka, inaamka na kuwarekodi siku nzima, na kukutumia arifa kila mara mtoto anapopita kwenda jikoni. Baada ya arifa 40 utazizima zote, na ile ya 41 inaweza kuwa ndiyo ya mwizi.

Ushauri wetu ni huu: gawanya kamera. Ya nje, inayotazama mlango au geti lako, iwe macho saa zote. Haina haja ya kufuata simu ya mtu. Ya ndani ndiyo ifuate simu, na isiwekwe chumba cha kulala wala mahali anapolala mfanyakazi. Mwambie dada wa kazi kamera iko wapi na inaamka lini. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na heshima haipungui kwa sababu unamlipa mtu mshahara. Kwa jirani pia, geuza kamera ili isitazame mlango wake.

Kuiweka, hatua kwa hatua

1. Fungua akaunti wewe mwenyewe. Fundi aliyekuja kufunga kamera asiiandikishe kwa barua pepe yake au nambari yake ati "tutabadilisha baadaye". Akaunti ndiyo hati ya umiliki. Aliye nayo anaona nyumba yako na anajua saa ambazo haumo.

2. Weka neno la siri jipya, ambalo hulitumii kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili ikiwa programu inao. PIN yako ya pesa isiwe PIN ya kufungua skrini, na isiwe PIN ya kamera. Hizo ni funguo tatu za milango mitatu.

3. Kwenye simu ya Android ingia Mipangilio, kisha Programu, chagua programu ya kamera, halafu Ruhusa, halafu Mahali. Chagua "Ruhusu wakati wote". Ukichagua ruhusa ya wakati unapoitumia tu, mpaka hautafanya kazi ukiwa umeifunga programu. Kuanzia Android 12 kuna pia chaguo la mahali mahususi. Liache likiwa limewashwa kwa programu hii.

4. Chora mpaka. Anza na mita 150. Ikiwa unaishi kwenye ghorofa, au kazini kwako ni mtaa uleule, jaribu kubadilisha kidogo kidogo hadi uone panapokufaa.

5. Weka ratiba ya usiku juu yake, kama akiba.

6. Jaribu kwa miguu. Toka na simu, tembea hadi uwe mbali na mpaka, subiri dakika 6, angalia kama arifa imekuja. Rudi, angalia tena. Fanya hivyo siku tatu tofauti, mara moja Wi-Fi ikiwa imezimwa kwenye simu na unatumia bando. Usisafiri kwa kuutegemea mfumo ambao hujaujaribu.

7. Unaposafiri, usingoje mpaka ufanye kazi yake. Fungua programu ukiwa kwenye gari, hakikisha imeandika kwamba kamera iko macho, na kama haiko, iamshe kwa mkono. Umeacha simu nyumbani? Azima ya jirani yako kwenye kiti, ingia kwenye akaunti yako kwa kivinjari ikiwa kamera yako inaruhusu, iamshe, kisha utoke kwenye akaunti kabla ya kuirudisha simu.

Simu ikiibwa, mambo mawili yanaibwa

Hili ndilo tunaloliwazia zaidi. Simu ikinyakuliwa dirishani kwenye foleni ya Thika Road, wateja wetu wengi hukumbuka pesa kwanza, na ni sawa. Lakini fikiria kilichomo ndani ya simu hiyo sasa. Kwenye ramani kuna mahali palipoandikwa Nyumbani. Kwenye programu ya kamera kuna picha ya sebule yako, na inaonyesha kama kuna mtu au hakuna. Na simu yenyewe ikipelekwa karibu na mlango wako, kamera italala kwa utiifu, kwa kuwa inadhani ni wewe umerudi.

Kwa hivyo, mara tu unapogundua:

Kwanza, piga simu kwa huduma kwa wateja ukitumia simu yoyote, laini na akaunti ya pesa vifungwe. Usingoje ufike nyumbani.

Pili, kwa simu au kompyuta nyingine ingia kwenye akaunti ya kamera. Iondoe simu iliyoibwa kwenye orodha, badilisha neno la siri, na uiamshe kamera kwa mkono. Hili wengi hulisahau kabisa.

Tatu, ingia kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple uifunge simu kwa mbali, au uifute.

Nne, ripoti polisi upewe nambari ya OB. Itasaidia kuwa na nambari ya IMEI ya simu, ambayo unaipata kwa kupiga *#06#. Ipige leo, uiandike kwenye karatasi, uiweke mahali ambapo si ndani ya simu hiyo.

Na kinga ya mapema: weka kufuli ya skrini, na ficha maandishi ya arifa skrini ikiwa imefungwa. Haifai mtu aliyeokota simu yako asome "Kamera iko macho, hakuna mtu nyumbani" bila hata kujua PIN yako.

Nani mwingine anajua ulipo?

Kuruhusu programu ijue mahali ulipo wakati wote ni kuikabidhi shajara yako: unalala wapi, unasali wapi, unaenda hospitali gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inakupa haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kwa kazi gani, na ya kudai irekebishwe au ifutwe, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data unayoweza kulalamikia. Soma programu ya kamera inasema nini kabla ya kukubali.

Na ukiwa huko kwenye mipangilio, pitia programu nyingine zote zenye ruhusa ya "wakati wote". Utashangaa. Tochi haihitaji kujua uko Nakuru. Mchezo wa mtoto hauhitaji. Hata programu ya pesa haina sababu ya kufuata hatua zako usiku kucha ukiwa hujaifungua. Wape wanaohitaji, wengine wanyime.

Jihadhari pia na ujumbe unaodai "kamera yako imefungwa, lipa kwa nambari hii ifunguliwe". Ada ya kamera ilipe ukiwa umeifungua programu yenyewe, usilipe kwa kufuata kiungo cha SMS. Na kama kawaida, hakuna mtu, si sisi wala kampuni ya kamera, mwenye haki ya kukuuliza PIN yako ya pesa.

Basi, inafaa au haifai?

Inafaa. Kamera unayoisahau kuiamsha haina faida, na binadamu husahau. Mpaka wa simu unaondoa kazi hiyo mabegani mwako siku 300 za mwaka. Zile siku nyingine, za msiba, za stima kupotea, za bando kuisha, za simu kubaki mezani, ndizo unazopaswa kuzipangia mapema. Siku hizo hazichagui mtu.

Mwenzetu wa Rongai hakuacha kutumia kamera. Sasa anayo moja nje ya mlango isiyolala kabisa, na ile ya ndani inafuata simu mchana, halafu saa tano usiku inaamka kwa ratiba, awepo asiwepo. Akisafiri anampigia jirani wa mlango wa pili, kwa mulika mwizi, na kumwambia tu: nimetoka, niangalilie mlango. Anasema hiyo ndiyo sehemu ya mfumo wake ambayo haijawahi kumwangusha.

Kabla hujalala leo, fanya mambo mawili: piga *#06# uandike ile nambari, na uangalie kama kamera yako ina ratiba ya usiku. Dakika tano tu. Kisha umtumie makala haya yule ndugu yako aliyetoka kununua kamera juzi.